Pori Lisilo na Geti

Anayetaka kuiona Lapland ikiwa imewaka rangi hana muda wa kupoteza. Kaskazini mwa Finland majani huanza kugeuka mwishoni mwa Agosti, na kilele chake, ambacho Wafini wanakiita ruska, huangukia wiki za mwanzo za Septemba. Ukipita usiku mmoja wa upepo mkali, miti ya koivu (birch kwa Kiingereza) inaamka ikiwa fito tupu. Shule nazo hufunguliwa katikati ya Agosti, na likizo fupi ya mapukutiko huja katikati ya Oktoba, wakati rangi zote kule juu zimeshaisha. Kwa hiyo mzazi mwenye watoto wa shule ana njia moja tu, nayo ni kuwaombea ruhusa. Tuliandika ombi kwenye Wilma, programu ambayo wazazi na walimu wa hapa huwasiliana, tukaeleza kwamba bibi yao amekuja kutoka Tanzania na tunataka waione kaskazini wakiwa naye. Walimu wakaridhia. Mwalimu wa mdogo aliongeza kazi moja: achore kila mnyama atakayemwona.

Bibi ni mama yangu mzazi. Amezaliwa na kukulia Iringa, amelima, amefuga, ameuza uyoga kando ya barabara kila masika. Tangu afike kwetu Vantaa, jirani na Helsinki, alikuwa ameonyeshwa maduka, treni, bandari na makanisa ya Helsinki, na kote huko alienda kwa heshima tu. Jioni moja tukiwa tunaosha vyombo akaniuliza, "Mwanangu, hii miti yote ninayoiona dirishani inaishia wapi?" Nikamwambia haiishii. Robo tatu ya nchi hii ni msitu. Akafuta mikono, akasema, "Basi nipelekeni." Mume wangu alikuwa anasikia kutoka sebuleni. Kabla hatujalala alikuwa ameshafungua ramani.

Barabara ni moja, namba nne, inayotoka Helsinki hadi Utsjoki kwenye mpaka wa Norway, karibu kilomita 1,300. Unapita Lahti, Jyväskylä, Oulu, Kemi, Rovaniemi, Sodankylä, Ivalo, Inari. Tulipokezana usukani, tukalala njiani, tukala chapati za Bibi kwenye vituo vya mafuta. Kizuri cha kupanda kaskazini kwa gari badala ya ndege ni kwamba msimu unaukuta njiani. Vantaa tuliiacha bado ni ya kijani. Baada ya Jyväskylä tukaanza kuona tawi moja moja la njano. Oulu, kingo za barabara zilikuwa zimechanganyika. Tulipoiacha Kemi nyuma yetu hakukuwa tena na ubishi, na mtoto mkubwa alisema kwamba tunaendesha kuelekea wiki ijayo.

Aliniuliza pia kwa nini majani hubadilika, nami nikamweleza nijuavyo. Jani lina klorofili, ile inayokamata mwanga na kulifanya liwe kijani. Siku zinapofupika na usiku kuwa baridi, mti hauna sababu ya kuendelea kuigharamia. Unaivunja, unarudisha ndani ya matawi na mizizi kile chenye thamani, hasa naitrojeni, na kuliacha jani lianguke. Njano ya koivu ilikuwamo ndani ya jani majira yote ya joto, ila kijani kiliifunika. Nyekundu ni habari nyingine, kwani mimea huitengeneza upya mwishoni kabisa, na mchana wenye jua ukifuatiwa na usiku wa baridi huifanya ikolee. Ndiyo maana mwaka mmoja ruska huwa ya kawaida na mwaka mwingine watu huizungumzia hadi Krismasi. Bibi alisikiliza yote kutoka kiti cha nyuma, kisha akasema kwamba hata mkulima hurudisha mbegu ghalani kabla ya kuchoma mabua.

Rovaniemi tuliipita haraka. Ni mji wenye shughuli nyingi za watalii na kijiji cha Baba Krismasi kwenye mstari wa Aktiki, na watoto walipiga picha zao pale. Lakini mimi Rovaniemi huwa naifikiria kwa namna nyingine, kwa sababu ya kazi yangu. Ninahudumia wazee. Miongoni mwao yupo mama aliyezaliwa Lapland, na alinisimulia jinsi alivyoondoka kwao mwaka 1944 akiwa mtoto, akitembea na ng'ombe wa familia kuelekea Sweden. Finland ilikuwa imefanya mapatano na Muungano wa Kisovieti na kutakiwa kuwafukuza Wajerumani waliokuwa washirika wake. Wajerumani wakaondoka wakichoma. Watu kama laki moja walihamishwa kutoka Lapland, na Oktoba ya mwaka huo Rovaniemi ikateketezwa karibu yote. Mji unaouona leo ulipangwa upya na mbunifu Alvar Aalto. Yule mama aliniambia waliporudi hawakukuta nyumba ila walikuta msitu, na msitu ndio uliowalisha mwaka wa kwanza. Nilimweleza Bibi habari hiyo tukiwa darajani. Alinyamaza kidogo, akauliza kama mama huyo bado yu hai, na akaniagiza nimpelekee salamu.

Kupita Sodankylä, magari yanapungua na poro wanaanza. Poro ni kulungu wa kufugwa wa huku kaskazini, mwenye pembe za matawi, kwato pana na ukaidi wa mbuzi. Hatoki barabarani kwa honi. Anakutazama, anageuka, anatangulia mbele ya gari lako kwa mwendo wake mwenyewe, na nyuma yake wanafuata wengine saba. Mume wangu alizima injini kabisa. Bibi alishusha kioo akawatazama kwa makini, na jambo la kwanza aliloona halikuwa pembe. "Wamekatwa masikio," alisema. "Wana wenyewe hawa." Alikuwa sahihi. Hakuna poro asiye na mwenyewe katika Lapland ya Finland. Ndama hukamatwa majira ya joto na kukatwa alama sikioni, kila mfugaji na alama yake iliyoandikishwa, kama Wamasai wanavyowatambua ng'ombe wao. Wapo wapatao laki mbili, wanazurura msituni sehemu kubwa ya mwaka, na kila mwaka maelfu kadhaa hufa kwa kugongwa na magari. Ukimgonga unapiga 112, namba ya dharura, na bima ya gari ndiyo inayomlipa mfugaji.

Hapo Bibi na mimi tulikumbuka jambo lilelile. Mtu wa Iringa anayekwenda Dar es Salaam kwa basi hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, kilomita kama hamsini za lami kuu. Basi linapunguza mwendo, abiria wanahamia upande mmoja, tembo yuko pale, twiga yuko pale, swala wametapakaa, na kando ya barabara kuna bango linaloorodhesha faini ya kumgonga kila mnyama. Halafu hifadhi inaisha, watu wanarudi kwenye viti vyao na stori zao. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo mbuga pekee tuliyowahi kuiona, kupitia dirisha la basi, bure, kwa bahati ya ratiba. Nimepita pale tangu nasoma sekondari na sikuwahi kushuka. Nilikuwa nikiwaeleza watoto wangu kuhusu wanyama wa kwetu kwa maneno mengi kuliko niliyoyaona.

Tulifikia Saariselkä, kwenye mökki, yaani nyumba ndogo ya mbao ya kukodi yenye jiko la kuni na sauna. Asubuhi nyasi zilikuwa zimeganda. Iringa kuna baridi, na Bibi ni mtu wa kuwasha moto kabla ya jogoo, kwa hiyo tulimkuta ameshakaa nje na khanga mbili juu ya koti la baba wa watoto, anatazama mlima.

Milima ya Lapland si ya kuogofya. Ni ya mviringo, imesagwa na barafu ya zamani, na juu haina miti. Kaunispää, wenye mita 438, una barabara hadi kileleni, na hiyo ilitufaa kwa magoti ya Bibi. Siwezi kueleza vizuri tulichokiona pale bila kwanza kusema kwamba ruska ya kweli iko chini, ardhini. Miti inageuka njano, sawa, na inapendeza. Lakini juu ya mstari wa miti kuna koivu kibete, kimti kisichofika goti, chenye majani madogo ya duara. Hicho ndicho kinachogeuka chekundu, pamoja na vichaka vya mustikka, tunda dogo la pori la buluu, vinavyokuwa zambarau iliyoiva. Kimefunika mteremko wote, na mteremko unaofuata, na mwingine nyuma yake, hadi kule macho yanakoshindwa. Katikati yake mnapita maji meusi ya mabwawa. Hakuna nyumba. Mashariki ya pale inaanza Hifadhi ya Taifa ya Urho Kekkonen, kilomita za mraba 2,550, iliyoanzishwa mwaka 1983 na kupewa jina la rais aliyeongoza nchi hii robo karne na kuipenda Lapland hadi kuizunguka kwa miguu na kwa ski.

Mdogo aliuliza, "Tunaingilia wapi?" Nilielewa swali lake. Alikuwa anatafuta geti.

Halipo. Finland ina hifadhi za taifa 41 na hakuna hata moja inayotoza kiingilio. Kuna kibao chenye jina, ramani, choo, na njia inaanza. Na hata nje ya hifadhi, kwenye msitu wa mtu binafsi, ipo haki ya kila mtu: kutembea, kupita kwa baiskeli au ski, kupiga hema kwa usiku mmoja au miwili, kuvua kwa ndoano, kuchuma matunda ya pori na uyoga. Haki hii haikuandikwa yote katika sheria moja. Ni desturi ya kale ambayo sheria mbalimbali zinailinda. Na haiulizi uraia. Sitaki kulipitia neno hili haraka, kwa sababu yeyote aliyehamia Ulaya anajua maisha ya namba ya foleni, fomu, kibali, nakala ya kibali, na kibali cha kuongeza muda wa kibali. Nilipofika nchi hii mahali pa kwanza ambapo hakuna mtu aliyeniuliza mimi ni nani palikuwa msituni. Mwenzangu kazini alinipa ndoo, akanionyesha kichaka, akaondoka zake kuchuma upande mwingine. Nilichuma mustikka mpaka giza. Ilikuwa ni haki yangu sawa na yake, na nilijisikia nimefika.

Haki hiyo ina mipaka, na watoto wanaijua kuliko mimi kwa sababu wanafundishwa shuleni. Bibi alipotaka kukata tawi la koivu awe na fimbo, mkubwa alimzuia kwa adabu: "Bibi, mti ulio hai haukatwi." Akageukia tawi lililoanguka. Nalo pia haliokotwi bila idhini ya mwenye ardhi, wala kuvumwani haichukuliwi, ile mimea ya kijivu iliyotanda chini, maana ndiyo chakula cha poro wakati wa theluji. Moto hauwashwi popote, ila pale palipotengwa. Huendi karibu na nyumba ya mtu. Huachi taka. Bibi alisikiliza orodha yote, akapokea fimbo ya kutembelea ya mkwe wake, akasema, "Hapo sasa naelewa kwa nini hawaweki geti."

Tuliingia kwa miguu kutoka Kiilopää, mwendo wa pole, mbu wakiwa wameshamalizwa na baridi ya usiku. Puolukka, tunda jingine dogo la pori, zilikuwa zimeiva, nyekundu na ngumu, zenye uchachu unaokaza taya. Wafini wengi huchuma kwa kifaa chenye meno na kikapu chake, unakwangua kichaka mara moja na kiganja kizima kimejaa. Bibi alikijaribu akakirudisha. Alichuma kwa vidole, mikono miwili, bila jani wala kijiti, na ndoo yake ilijaa kabla ya ya kwangu. Matunda haya ukiyauza huyalipii kodi. Zipo kampuni zinazoyanunua kwa tani, na kwa miaka mingi walioyachuma kwa ajili ya biashara hiyo wametoka Thailand, maelfu kila msimu. Baadhi yao walirudi kwao na madeni, na kesi za usafirishaji haramu wa binadamu zimefika mahakamani. Namwambia kila mtu anayenunua puolukka dukani habari hiyo. Haki ya kila mtu iliwekwa kwa ajili ya ndoo ya familia, na sipendi kuiona inatumika kumnyonya mtu aliyetoka mbali.

Uyoga ndio uliompa Bibi furaha kubwa zaidi. Aliinama mara moja tu akasema, "Huu ni wisogolo." Ulikuwa ni kantarelli, uyoga wa njano wenye umbo la tarumbeta ambao Wafini wanautafuta kwa wivu. Ule wa Iringa ni ndugu yake, wa jenasi ileile, unaota kwenye miombo mvua zikianza. Wala hakuna ajabu katika hilo kwa watu wa Helsinki, kwani miaka ya 1990 mtaalamu wa uyoga wa hapa, Marja Härkönen, alikuja Tanzania kutafiti uyoga wa kuliwa, akishirikiana na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na walimu wao wakubwa walikuwa ni wanakijiji wanaochuma. Bibi hakushangaa hata kidogo kusikia kwamba wasomi walikwenda kuwauliza akina mama. Ila aliwaita watoto wote wawili, akawashikisha ule uyoga, akawanusisha, kisha akawaambia: ule usioujua huuli, hata kama mwenzako anaula. Uyoga mwingine wote aliouona, na ulikuwa mwingi, aliuacha pale ulipo.

Mvua ilitukuta kwenye njia, mvua ya Septemba, nyembamba na baridi. Mbele kulikuwa na kibanda. Kaskazini kote vimejengwa vibanda vya magogo kwa ajili ya wapita njia, vinaitwa autiotupa. Havina mlinzi, havina kufuli, havina malipo. Ndani mna jiko la chuma, vitanda vya mbao, sufuria, daftari la wageni, na nje kuna stoo ya kuni. Kuni huletwa na Metsähallitus, shirika la serikali linalosimamia misitu na ardhi ya umma, nyingi zikivutwa juu ya theluji wakati wa baridi. Tulipofungua mlango, wazee wawili, mume na mke, walikuwa wamekaa karibu na jiko, soksi zao zimeanikwa. Bibi aliwasalimu kwa Kihehe, "Kamwene!", nao wakaitika kwa Kifini. Kisha wakafanya kitu kilichonitia haya: waliinuka wote wawili, wakaondoa soksi zao, wakatuachia benchi la kwenye joto.

Nilikataa. Kwetu mkubwa haondoki kwenye kiti kumpisha mdogo. Yule mzee akanieleza kwa utulivu kwamba hiyo ndiyo desturi ya vibanda hivi. Aliyefika mwisho ndiye mwenye haki kubwa zaidi, kwa sababu aliyefika mwanzo ameshapumzika na kuota moto, na huyu wa sasa ametoka kwenye mvua. Ikiwa kibanda kimejaa, wa kwanza ndio wanaofungasha na kwenda mbele. Wakati wa dhoruba, kanuni hii imeokoa watu. Na hakuna anayekaa kwa siku nyingi. Unalala usiku mmoja, ukizidi sana miwili, kisha kabla ya kuondoka unafagia, unapasua kuni za mwenzako atakayekuja na kuziweka tayari kando ya jiko. Nilimtafsiria Bibi. Alicheka kwa furaha ya mtu aliyekutana na jirani ughaibuni: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Waambie tunawajua."

Tulikuwa tumebeba mahindi mabichi. Yalichomwa kwenye mkaa wa lile jiko, na wale wazee wakapata lao moja moja pamoja na chumvi na ndimu, nao wakatupa soseji na kahawa. Walipotaka kuondoka mvua ilikuwa imekatika. Mkubwa alipasua kuni pamoja na baba yake. Mdogo alichora kunguru kwenye daftari la wageni, kwa sababu ndiye mnyama aliyekuwapo.

Kutoka pale tulipanda hadi Inari, kwenye ziwa kubwa lenye visiwa zaidi ya elfu tatu. Inari ndiyo kitovu cha Wasami, watu wa asili wa kaskazini, ambao ardhi yao imegawanywa kati ya Norway, Sweden, Finland na Urusi. Katika wilaya hii moja zinasemwa lugha tatu tofauti za Kisami. Hapa ndipo ninapotaka kusema jambo ambalo picha za ruska haziwezi kulisema. Hiyo nyika tuliyoisifia haikuwa tupu. Kila bwawa lina jina, kila mteremko una familia iliyochunga poro pale tangu enzi za mababu. Ndani ya hifadhi zenyewe poro wanaendelea kulisha, na wenyewe wanawafuata. Hilo ni jema, na lingeweza kufanyika kwingine. Wamasai waliondolewa Serengeti mwaka 1959. Karibu zaidi na kwetu, wafugaji wa bonde la Usangu waliondolewa mwaka 2006 na 2007 pamoja na ng'ombe wao, na mwaka 2008 eneo lao likaingizwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Najua hoja ya kuulinda mto Ruaha Mkuu usikauke, nayo si ya kupuuzwa. Lakini watu wale walikuwa na majina ya mabwawa yao pia. Wala Finland si malaika, kwani mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa 1989 kuhusu haki za watu wa asili haijauridhia hadi leo, na mabishano ya nani ana haki juu ya ardhi ya Wasami hayajaisha.

Tuliingia Siida, makumbusho ya Wasami. Mwaka 2021 Makumbusho ya Taifa ya Helsinki iliwarudishia zaidi ya vitu 2,200 vilivyokuwa vimechukuliwa na wakusanyaji: mikanda, kofia, vijiko vya pembe, vitanda vya kubebea watoto. Na si vitu tu. Mafuvu ya wahenga wao yalikuwa yamefukuliwa makaburini kwa ajili ya wanasayansi waliokuwa wakipima vichwa vya watu, na mwaka 1995 yalirudishwa kutoka Chuo Kikuu cha Helsinki yakazikwa upya Inari. Nilipomsomea Bibi hayo alishika mkono wangu. "Kama Mkwawa," alisema.

Kila mtu wa Iringa anajua. Mkwawa, mtwa wa Wahehe, alijiua mwaka 1898 kuliko kutekwa na Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Kilikaa huko zaidi ya nusu karne, hadi Gavana Twining wa Uingereza alipokileta mwaka 1954 kwa Wahehe, na sasa kipo kijijini Kalenga, karibu na Iringa. Bibi alikuwa binti mdogo siku ile na wazazi wake walikwenda. Pale Inari, mbele ya watoto wangu ambao wamezaliwa Finland, alianza kusimulia: nani alibebwa mgongoni, ngoma gani zilipigwa, akina mama walivyolia. Mhudumu wa makumbusho, mwenye vazi la Kisami la buluu na utepe mwekundu, alikuja taratibu akasimama karibu. Akaniomba nimtafsirie, na nikatafsiri. Walipoagana walishikana mikono muda mrefu.

Usiku huo mwanga wa kaskazini ulitoka. Majira ya joto hauonekani kwa kuwa hakuna giza, ila Septemba usiku umesharudi na maji bado hayajaganda, kwa hiyo tuliuona mara mbili, juu na ndani ya ziwa. Ni chembe kutoka kwenye jua zinazogonga hewa ya juu sana, na oksijeni ndiyo inayotoa ule ukijani. Mdogo akaanza kupiga mluzi. Tulikuwa tumesoma mchana uleule kwamba Wasami wa zamani waliwakataza watoto kuupigia mluzi mwanga huo, usije ukashuka ukawachukua. Lakini Bibi, ambaye hakuwa akisikiliza wakati ule, alimtia mkono mdomoni kwa sababu yake mwenyewe: "Mluzi haupigwi usiku!" Mume wangu na mimi tulitazamana gizani.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu na watoto walilala. Ndipo Bibi alipoanza kuzungumzia Ruaha. Ameishi maisha yake yote kiasi cha kilomita mia moja na ushee kutoka Hifadhi ya Ruaha, na hajawahi kuingia. Baba yangu hakuwahi. Shangazi zangu hawajawahi. Si kwamba raia anatozwa pesa nyingi, kwani kiingilio chake ni sehemu ndogo tu ya kile cha mgeni. Ila anahitaji gari la kuhimili barabara, mafuta, dereva anayejua, na zaidi ya yote anahitaji kuamini kwamba mahali pale panamhusu. Hilo la mwisho hatukupewa. Tulikua tukijua kwamba mbuga ni ya wazungu wenye kofia na ya serikali.

Sisemi Ruaha iondoe geti watu watembee na ndoo. Kuna simba. Kuna majangili. Lakini ipo Udzungwa, hifadhi tangu 1992, ambayo huingii ila kwa miguu, na unapanda hadi maporomoko ya Sanje ukinywa maji ya mto. Ipo Kitulo, hifadhi tangu 2005, ambako mvua zikinyesha uwanda mzima unachanua maua na huhitaji gari kuyatazama. Ukiwa Mbeya, Njombe, Iringa au Morogoro na una watoto, hizi ni zako. Wapeleke mwaka huu, kabla hawajafikia umri wa kusema hawataki.

Sisi tumeshaanza kupanga. Tutakwenda kiangazi, Julai au Agosti, mto Ruaha Mkuu ukiwa umepungua na wanyama wote wakiufuata. Tutapita Kalenga kwanza, kisha barabara ya vumbi hadi Msembe, ndani ya Hifadhi ya Ruaha, tulale kwenye banda za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Mume wangu alikuwa ameshaulizia bei ya kukodi Landcruiser mjini Iringa ya kututosha sisi na Bibi. Wiki iliyopita Bibi alipiga simu kusema hilo gari halitoshi. Ameshawaambia wanawake wawili wa jumuiya yake, wa rika lake, nao hawajawahi kuvuka lile geti, na wameanza kuweka akiba ya kiingilio.